Mama aligoma kunywa maji akihofia choo: Somo la afya kwenye foleni ya basi la hifadhi

Ilikuwa saa nne na nusu asubuhi, mwezi Juni. Jua lilishakuwa kali na sisi watu sita tulikuwa kwenye foleni ya basi katika Hifadhi ya Taifa ya Zion, jimbo la Utah, Marekani. Mama yangu, mwenye miaka 64 na anayeishi na shinikizo la damu, alishika chupa ya maji ambayo hakuwa ameifungua tangu tulipotoka hotelini.

“Mama, kunywa maji,” dada alimwambia kwa mara ya tatu.

“Nitakunywa tukifika, mwanangu. Sitaki kuwasumbua watu kwenye basi.”

Kiu alikuwa nayo. Alichoogopa ni choo. Ni hofu ileile anayosafiri nayo kutoka Dar es Salaam kwenda Mbeya: ukinywa, utamwomba dereva asimame, na abiria wote watakugeukia. Kinamama wengi mnaijua hofu hiyo.

Tulisubiri karibu saa nzima ndipo tukapanda. Saa sita na robo tulishuka kituo cha mwisho, kinachoitwa Temple of Sinawava, tukaanza kutembea kando ya mto. Hatukufika mbali. Mama alisema anaona kizunguzungu, akaketi juu ya jiwe, midomo imekauka. Mpwa wangu wa miaka sita naye akaanza kulia kwamba kichwa kinamuuma. Asubuhi nzima alikuwa amekunywa juisi nusu kopo.

Tuliwaweka kivulini, tukawalegeza nguo, tukawapangusa kwa vitambaa vilivyoloweshwa, tukawapa maji kidogo kidogo na vitafunwa vyenye chumvi. Baada ya nusu saa walipata nafuu. Tuliporudi kituoni ndipo tukaona jambo ambalo sitalisahau: vyoo vilikuwa hatua chache tu kutoka pale tulipokuwa tumeshukia.

Mimi huandika habari za afya kila wiki, lakini siku ile nilikuwa nimepanga picha za kupiga bila kupanga maji na choo. Ndiyo maana naandika makala haya, kwa mzazi anayekwenda kumtembelea ndugu aliyeko Marekani, na kwa familia zetu zinazoishi huko na hungoja likizo ya shule ili ziwatoe watoto.

Kwa nini basi na si gari lako

Zion ni korongo jembamba lenye kuta ndefu za mawe mekundu na barabara moja inayoingia ndani. Mwaka 1997 hifadhi hiyo ilipokea wageni milioni 2.4, magari yakazidi maegesho kwa mbali. Mwaka 2000 ukaanzishwa utaratibu wa mabasi, na mwaka 2021 wageni walipita milioni 5.

Mabasi hufanya kazi sehemu kubwa ya mwaka, kuanzia majira ya machipuko hadi mwishoni mwa vuli. Katika miezi hiyo magari binafsi hayaruhusiwi kwenye barabara ya ndani ya korongo. Basi halilipiwi na halihitaji tiketi, ila kiingilio cha hifadhi unalipa. Kuna njia mbili: moja inapita mji wa Springdale ulio mlangoni mwa hifadhi, nyingine inaingia korongoni na ina vituo tisa. Kutoka kituo cha kwanza hadi cha mwisho ni kama dakika 45.

Maegesho yaliyo ndani ya lango hujaa mapema asubuhi. Anayefika saa nne, kama sisi, huzunguka akitafuta pa kuegesha, kisha hupanga foleni juani. Kwa mtu mzima mwenye afya njema huo ni usumbufu tu. Kwa mtoto mdogo, mjamzito au mzazi anayetumia dawa, ile saa moja ya foleni ni sehemu ya safari inayohitaji maandalizi yake.

Kuweka nafasi: uliza kabla hujawaahidi watoto

Mwanangu wa pili wa dada, wa miaka 13, alikuwa ameona kwenye simu video za njia ya Angels Landing, ile ya kupanda mwamba huku umeshika minyororo. Alikuja kwa ajili hiyo tu. Tangu Aprili 2022 njia hiyo haipandwi bila kibali, na vibali hutolewa kwa droo ya mtandaoni: ipo droo ya msimu na ipo ya siku moja kabla. Dada alijaribu ile ya siku moja kabla, hatukupata. Kijana alinuna hadi jioni. Kusema kweli mimi nilishukuru, kwa sababu pale kuna maporomoko pande zote mbili na watu wamewahi kuanguka na kufa.

Kila hifadhi ina utaratibu wake. Muir Woods, karibu na San Francisco, tangu mwaka 2018 inataka uweke nafasi ya maegesho au ya basi kabla ya kufika. Haleakalā, Hawaii, inataka nafasi kwa wanaokwenda kutazama jua likichomoza. Zion yenyewe huingii kwa kuweka nafasi, isipokuwa kwa baadhi ya njia. Hifadhi nyingine zimeanzisha utaratibu wa saa maalumu za kuingia kisha zikaubadilisha au kuufuta, kwa hiyo usitegemee alichokwambia rafiki aliyekwenda miaka miwili iliyopita. Soma tovuti ya hifadhi husika wiki ile unayosafiri.

Jambo la fedha pia. Tangu Januari 2026, mgeni asiye mkazi wa Marekani mwenye miaka 16 na zaidi hulipa nyongeza ya dola 100 katika hifadhi 11 zenye wageni wengi, Zion ikiwemo. Familia inayompokea bibi au babu kutoka nyumbani iliweke hilo kwenye bajeti.

Wala utaratibu huu si mgeni kwetu. Wanaokwenda kuwaona sokwe wakubwa wa milimani, gorila, nchini Rwanda na Uganda hununua vibali mapema, huingia kwa makundi ya watu wanane, hukaa nao saa moja, na mtoto wa chini ya miaka 15 haruhusiwi. Sababu mojawapo ni ya kiafya: magonjwa ya binadamu, hata mafua, yanaweza kuwaua wale wanyama.

Panga siku kwa kufuata vyoo na maji

Wengi hupanga siku kwa kufuata vivutio. Mwenye watoto na wazee aanze na ramani ya vyoo. Katika korongo la Zion, vyoo na maji ya kunywa vipo kituo cha wageni, jumba la makumbusho, Zion Lodge, The Grotto na Temple of Sinawava. Mwonyeshe mama yako ramani hiyo kabla ya kutoka. Akijua choo kiko wapi, atakunywa.

Majira ya joto nyuzijoto hupita 38, na hewa ni kavu kiasi kwamba jasho hukauka kabla hujaliona. Hifadhi inashauri kila mtu awe na maji ya kutosha, kama lita 4 kwa anayetembea siku nzima. Usingoje mtoto aseme ana kiu, mpe kidogo kidogo kila mara.

Usiwape maji ya mtoni. Katika mto wa Zion imegundulika sianobakteria, vimelea vinavyotoa sumu, na kuyachuja hakutoshi. Mtoto akichezea maji, asitumbukize kichwa wala asiyameze, na anawe kwa maji safi kabla ya kula.

Kumbuka pia kwamba kati ya Julai na Septemba mvua inaweza kunyesha mbali na mto ukafurika ghafla mahali ulipo, ingawa juu yako anga ni safi. Uliza kituo cha wageni kuhusu hali ya mafuriko asubuhi hiyo.

Dawa za wazazi wetu

Mama anatumia dawa za shinikizo zikiwemo zile za kukojoza. Dawa za aina hiyo hupunguza maji mwilini, na kwenye joto kali hatari ya kizunguzungu huongezeka. Usimwachishe mzazi dawa kwa sababu ya safari. Zungumza na daktari wake mapema. Mwenye ugonjwa wa moyo au figo aulize pia ni maji kiasi gani anayoruhusiwa, kwani kwake maji mengi nayo yanaweza kuwa tatizo.

Insulini usiiache ndani ya gari lililoegeshwa juani. Ibebe kwenye mfuko wa ubaridi, isigusane na barafu moja kwa moja.

Zijue dalili

Maumivu ya kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, misuli kubana na uchovu ni onyo. Kwa mtoto angalia pia mdomo mkavu, kulia bila machozi, na mkojo mchache au wa rangi iliyokolea. Simamisha safari, mlaze kivulini, mpoze na mpe maji taratibu.

Mtu akianza kuchanganyikiwa, kupoteza fahamu au kupata degedege huku mwili una joto kali, hiyo ni dharura. Marekani namba ni 911. Usimnyweshe kitu asiyejitambua. Endelea kumpoza kwa maji na kumpepea. Mtandao wa simu ndani ya korongo ni hafifu, kwa hiyo tuma mtu kwa dereva wa basi au askari wa hifadhi.

Kwa kuwa simu haishiki, kubaliana na watoto mapema: aliyeachwa kituoni abaki palepale, na waliotangulia na basi washuke kituo kinachofuata warudi. Jueni pia saa ya basi la mwisho. Ukiachwa mwisho wa korongo, kurudi kwa miguu ni zaidi ya kilomita 10.

Siku ya pili

Kesho yake tulipanda basi la Springdale kukiwa bado na ubaridi. Mapema asubuhi tulishakuwa ndani ya korongo, foleni fupi. Tulishuka Temple of Sinawava, mama akaenda chooni kwanza, kisha akafungua chupa yake bila kuambiwa. Njia ile ya kando ya mto ni kama kilomita 3.5 kwenda na kurudi, imesakafiwa. Aliimaliza yote, akiwa amemshika mjukuu mkono.

Saa tano, jua lilipoanza kuuma, tulikuwa Zion Lodge chini ya mti mkubwa tukila mayai na viazi vya dada. Ng’ambo ya barabara mabasi yalikuwa yakipita yamejaa. Mama aliyatazama, akamgeukia dada.

“Hawa nao, kuna aliyewaambia choo kilipo?”