Miaka Mitatu ya Dai la Ajali

Katika vilima vya Magwagwa, huko Nyamira, ambako wachumaji wa chai hurauka na vikapu vyao na bodaboda hupishana na matatu kwenye barabara nyembamba, ajali ikitokea, jambo la kwanza baada ya majeruhi kufikishwa hospitali si kumtafuta wakili, bali ni kuwakalisha wazee wa pande mbili; nao wazee hupenda suluhu, na suluhu aghalabu haina haraka. Mwenye gari huahidi kugharimia dawa, akalipa mara moja au mbili, kisha simu yake ikawa haipatikani. Na majeruhi, kwa kustahi kumshitaki mtu anayekutana naye sokoni, husubiri.

Hapo ndipo haki yake inapompotea. Sheria ya Kenya ya ukomo wa mashtaka, Sura ya 22, humpa aliyeumizwa kwa uzembe wa mwingine miaka 3 ya kufungua kesi, nayo huhesabiwa tangu siku ya ajali, wala si tangu siku mazungumzo yalipovunjika. Aliyegongwa Machi 2022 alifungiwa mlango Machi 2025, hata kama shirika la bima lilikuwa likimwandikia barua za upole hadi wiki ya mwisho. Hakimu aweza kumruhusu aliyechelewa iwapo alikuwa hayajui mambo ya msingi ya madhara yake. Lakini kutoijua sheria, au kukosa nauli ya kwenda Nyamira mjini, si udhuru. Na gari likiwa la Serikali, muda ni miezi 12 tu, upungufu ambao mimi nauona ni dhuluma kwa mtu wa kijijini.

Mwenye bima anayelidai shirika lake mwenyewe yu chini ya sheria ya mikataba, nayo humpa miaka 6; ila na aisome hati yake mpaka mwisho, kwani masharti mengi humtaka atoe taarifa ya ajali mara moja.

Kwa kulinganisha, huko Scotland, kwa sheria yao ya ukomo ya 1973, majeruhi naye ana miaka 3, lakini wajibu wa mkataba, wa bima ukiwamo, hufa kabisa baada ya miaka 5. Kwetu kinachofungwa ni mlango wa mahakama, na deni lenyewe laweza kubaki likining'inia, bila wa kulidai.

Karatasi ya polisi, ile waiitayo abstrakti, huhifadhiwa ndani ya mfuko wa nailoni pamoja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, imekunjwa mara nne, na mkunjo umepita juu ya tarehe ya ajali. Ina nambari ya gari, jina la shirika la bima na nambari ya hati yake. Wakili akishaikunjua, huusawazisha mkunjo ule kwa kidole gumba, akaisoma tarehe, kisha akainua macho kwenye kalenda ya ukutani kabla hajamuuliza mgeni wake ameumia wapi.