Asili na Maana ya Neno "Wilaya"

Neno wilaya latajwa kila siku barazani, shuleni na maofisini, na kwa kuwa latajwa sana, ni wachache wanaouliza litokako. Tulipomwuliza mwanafunzi mmoja maana yake, alijibu ya kuwa ni kipande cha nchi kilichotiwa mipaka. Hakukosa, lakini alishika ganda akaacha kiini. Kwa hiyo twaona vema kulieleza.

Asili yake ni Kiarabu. Shina lake ni herufi tatu, wau, lamu na ye, na maana ya shina hilo ni kuwa karibu na kitu. Aliye karibu ndiye akitunzaye, na akitunzaye ndiye mwenye amri juu yake. Katika shina hilo twapata walii, yaani mtu aliye karibu na Mungu, na tena msimamizi amwozaye mwanamke katika ndoa ya Kiislamu. Twapata na liwali, ambalo ni al-wali la Kiarabu, nasi tumelimeza pamoja na kitangulizi chake. Watu wa Mombasa, Malindi na Lamu waliwajua maliwali tangu zamani za Masultani wa Unguja.

Basi, wilaya kwanza ni kazi ya huyo wali: dhamana aliyokabidhiwa. Baadaye nchi yenyewe iliyo chini ya dhamana hiyo ikaitwa vivyo hivyo, kama usultani ulivyo cheo cha sultani na pia nchi yake.

Neno hili lina ndugu ambaye wengi hawamtambui, naye ni Ulaya. Huko India neno lilikuwa vilayat, likawa na maana ya nchi ya mbali watokako watawala, na mwisho likashika Uingereza. Askari wa Kiingereza nao walilichukua, wakaiita kwao Blighty. Katika Kiswahili Ulaya likawa jina la nchi za Wazungu, hata tukapata viazi vya Ulaya. Ni ajabu kwamba neno lililoanza kwa ukaribu lilifika kutaja nchi ya ng'ambo.

Ukubwa wa wilaya haukuwekwa na neno, bali na serikali. Algeria wilaya ni sehemu kubwa ya nchi, kama mkoa kwetu. Omani wilaya ni sehemu ndogo ndani ya mkoa, na mkuu wake angali akiitwa wali. Katika Tanganyika ya Waingereza wilaya ilikuwa chini ya jimbo. Mwaka 1963 majimbo yaliondolewa, ikaja mikoa, na leo jimbo ni la uchaguzi. Kenya nayo, kwa katiba ya 2010, iliweka kaunti 47, nazo zilianza kazi 2013. Wilaya zilizokuwa msingi wa utawala zikapoteza nafasi yake ya kwanza, ingawa wazee bado hulitumia jina.

Hayo si mambo ya kamusi tu. Mwaka 1972 Tanzania ilivunja halmashauri za wilaya, na madaraka yakawekwa mikononi mwa maofisa wa serikali kuu waliopelekwa mikoani na wilayani. Nia iliyotajwa ilikuwa kuwakaribia wananchi. Lakini wananchi walipoteza baraza la watu waliowachagua wenyewe. Sheria za 1982 zilirudisha halmashauri hizo, nazo zilianza tena kazi 1984. Ofisi kuwa karibu ni jambo moja, na mwenye dhamana kuwa karibu ni jambo jingine. Wahenga walisema: fimbo ya mbali haiui nyoka.

Kwa hiyo mwalimu afundishaye neno hili asiishie kwenye ramani. Awaambie watoto ya kuwa mipaka ya wilaya huchorwa na kufutwa, bali maana yake ya kwanza ni mtu aliyekabidhiwa watu, naye yampasa kuwa karibu nao.