Kumsikiliza Mfiwa Kabla ya Kumshauri
Mhudumu wa afya aingiapo nyumba ya msiba huko Isevya, Tabora, hushawishika kutoa ushauri mapema. Oktoba 1873, katika Unyanyembe hii hii, Luteni Cameron aliwashauri Chuma na Susi wauzike hapa mwili wa David Livingstone. Ushauri ulikuwa na busara, maana safari ilikuwa ndefu. Wafiwa walikataa, wakaufikisha Bagamoyo Februari 1874.

Marafiki wa Ayubu nao walimfariji vema siku saba walizokaa kimya. Walipoanza kuhubiri, wakamtonesha jeraha. Muuguzi Mkristo na aombe, ila kwanza amwulize mfiwa kama angependa kuombewa, kama amekula, na nani yuko naye usiku. Anayesema hataki tena kuishi asiachwe peke yake. Afikishwe hospitali siku hiyo hiyo.