Jinsi picha moja ya Polaroid ilivyozaa nyingi
PICHA ya Polaroid hutoka kwenye kamera ikiwa moja tu, bila negativu ya kusafishia nyingine. Andy Warhol, msanii wa Marekani aliyeanza kwa kuchora matangazo ya biashara, alilikwepa tatizo hilo kwa wavu wa hariri, aliouanza mwaka 1962.

Kamera yake ya Big Shot, iliyotengenezwa kati ya mwaka 1971 na 1973, ilimlazimu kusogea mbele na nyuma hadi umbali wa takriban mita moja utimie. Ni usumbufu, lakini hakuiacha.

Picha ilikuzwa, kisha ikahamishiwa kwenye wavu uliopakwa dawa inayogandishwa na mwanga. Sehemu zisizoganda zilioshwa. Wino ukasukumwa kwa mpira kupitia matundu yake, sura ile ile ikichapwa tena na tena kwa rangi tofauti.