Kwa Nini Mabasi Huja Mawili Mawili

Mabasi ya njia yenye safari nyingi hayadumu kuachana sawasawa. Yataondoka kituo cha kwanza yakipishana dakika tano tano, lakini vituo vichache mbele huanza kukaribiana, hadi abiria aliyesubiri muda mrefu anaona mawili yakiingia pamoja: la mbele watu wamebanwa na mlango, la nyuma viti vitupu.

Abiria wengi huamini madereva wameamua kuongozana. Kumbe chanzo ni abiria wenyewe. Penye mabasi mengi hakuna anayetazama ratiba. Watu humiminika kituoni muda wote. Tuseme wanaingia sita kila dakika, na kila mmoja anatumia sekunde mbili kupanda. Basi lililofika kwa wakati, dakika tano baada ya lililotangulia, hukuta watu 30 na kusimama dakika moja. Likichelewa dakika moja, hukuta 36 na kusimama sekunde 72. Basi linalolifuata, likiwa ndani ya muda wake, hukuta 24 tu na kuondoka baada ya sekunde 48. Kituo kimoja tu, na nafasi ya dakika nne kati yao imeshuka hadi dakika tatu na sekunde 36. Kituo kinachofuata hali ni mbaya zaidi. Gordon Newell na Renfrey Potts waliionyesha hesabu ya namna hii mwaka 1964.

Kasansa, mkoani Katavi, tatizo hili halina pa kuanzia. Njia ya kwenda Mpanda ina safari chache kwa siku. Msafiri huuliza saa ya basi kwanza, ndipo abebe mzigo wake. Basi likichelewa, wanaolingoja hawaongezeki sana, wala hakuna jingine karibu la kulifikia.

Dar es Salaam ni kinyume chake. Mabasi ya mwendokasi, yaliyoanza kubeba abiria Mei 2016, yalipewa karibu kila kinga: njia yao wenyewe katika Barabara ya Morogoro, tiketi kukatwa kabla ya kupanda, sakafu ya kituo kulingana na ya basi. Yote hayo hupunguza sekunde za kupanda, yaani kile hasa kinacholisha ucheleweshaji. Hata hivyo makutano yamebaki. Trafiki akizuia upande mmoja kwa muda mrefu, mabasi yaliyokuwa yameachana hukutana hapo na kuruhusiwa kwa mkupuo. Maji yakijaa bonde la Jangwani, ambamo njia hiyo hupita, ratiba yote huvurugika.

Kulihimiza basi lililochelewa likimbie hakusaidii sana, kwa kuwa muda wake unaliwa vituoni. Dawa inayofanya kazi huwaudhi abiria: basi la nyuma huzuiwa kituoni kidogo, ingawa njia ni nyeupe. Njia nyingine ni lililojaa kupitiliza kituo ambacho hakuna anayeshuka, na kumwachia mwenzake abiria.

Kwa daladala dawa hiyo haimezeki. Dereva ana hesabu ya kumpelekea tajiri jioni, na kila dakika anayosimama bila kupakia ni hasara yake. Akilikuta daladala jingine mbele, huliovateki ili awahi abiria wa kituo kinachofuata. Na akiwa wa kwanza kwenye kituo chenye watu wachache, husubiri mpaka lijae, huku wa nyuma wakimfikia.