Lanchi ya watoi wa Nax: Smokie kila siku haiwezi, na hiyo chupa ya maji pia uicheki

Simama stage yoyote ya Nakuru asubuhi, kutoka Kaptembwo hadi Free Area, na utawaona watoi na mabegi mawili. Moja ya vitabu, ingine ya lanchi. Ile ya lanchi hata usiifungue, unajua iko na nini. Mkate umepakwa siagi, smokie mbili, juisi ya pakiti. Jumatatu iko hivyo, na Ijumaa pia iko hivyo. Kufika Jumatano mtoi amechoka nayo, anaigawa kwa mabeshte ama anarudi home na kontena vile ilitoka.

Hakuna mtu anasema wazazi hawajali. Ukifunga job saa mbili usiku na uamke saa kumi na moja, smokie inakuokoa. Shida ni vile inafanya kazi mwilini. Mkate mweupe na juisi ni sukari ya haraka: inapanda mbio na inashuka mbio. Mtoi anakula saa saba, na kabla kengele ya mwisho iite tumbo lishaanza kelele. Smokie nayo iko na chumvi mob. Mara moja kwa wiki sawa, kila siku apana.

Kinachouma ni kwamba hii ni Nakuru. Waru zinatoka Molo na Mau Narok, minji na karoti ni za huku huku, na Egerton pale Njoro wametoa hadi mbegu zao za maharagwe: Chelalang, Tasha na Ciankui. Msosi unapita mbele yetu kwa malori ukienda Nairobi, halafu sisi tunapanga foleni kwa kibanda ya smokie.

Hauhitaji diploma ya upishi. Kila kontena iwe na kitu ya kushibisha, kitu ya kujenga mwili, na kitu ya rangi kutoka shambani. Ukishika hiyo, unabadilisha tu wachezaji.

Anza na chapo. Zile zilibaki jana, kaanga mayai mawili na karoti imekwaruzwa, hoho na sukuma imekatwa ndogo ndogo, kisha viringisha. Waganda wanaiita rolex na wameilea kizazi kizima nayo. Hata ikipoa inalika, na mtoi haitaji kijiko, ambayo kwa wale wa PP1 ni maneno kubwa. Siku ingine ponda waru na minji, finyanga madonge, weka yai la kuchemsha kando. Yai liende na ganda lake, litakaa poa hadi saa ya lanchi.

Ndengu na madondo ziko na madini ya chuma, yale yanasaidia kutengeneza damu. Lakini chuma ya nafaka za maganda ni ngumu mwili kuishika bila kusukumwa. Vitamini C ndio inaisukuma, so weka chungwa ama kipande ya nanasi kando. Chai inafanya kinyume, inafungia hiyo chuma nje. Kama mtoi anabeba themosi ya chai ya kushushia ndengu, umenunua ndengu bure.

Avocado ikikatwa inageuka nyeusi na watoi wanaikataa, ipake ndimu kidogo. Embe za Kerio Valley zikishuka msimu wake, shukuru Mungu na ununue. Omena iko na kalisi mingi na sina ubaya nayo, lakini ukiifungia mtoi kwa kontena umemtafutia jina mbaya darasani hadi Grade 9. Wacha iwe ya supper.

Sasa wali na githeri. Hapa watu wengi wanaharibu bila kujua. Msosi ukiwekwa vuguvugu kwa kontena imefungwa tangu saa kumi na mbili, hadi saa saba bakteria wamefanya sherehe. Wali ndio mbaya zaidi, kwa sababu kuna bakteria wanaacha mbegu zao ndani yake na hizo mbegu hazifi ukichemsha. Ndio maana unasikia mtoi ametapika shule na kila mtu anasema ni malaria. Themosi ya chakula imwagie maji ya moto, funika dakika tano, mwaga, halafu weka chakula ikiwa imechemka kabisa. Kama hauna themosi, siku hiyo peleka chapo.

Na ujanja wa kuokoa doo: usipike lanchi asubuhi. Usiku, kabla mtu yeyote ajipakulie, toa ya mtoi kwanza, iache ipoe na iende friji. Kama hakuna friji, afadhali chemsha mayai na viazi vitamu asubuhi kuliko kubeba mchuzi wa jana.

Tukimaliza kontena, tugeukie chupa. Watu wa Nax mnajua hii story. Unafika campo Nairobi, unacheka, na mtu anakuuliza kama umetoka Nakuru ama Naivasha. Kuna wasee hadi leo wanacheka na mkono kwa mdomo. Hayo meno ya brown hayana uhusiano na kupiga mswaki. Ni floraidi. Mawe ya volkano ya Bonde la Ufa yanaiachilia kwa maji ya chini, na borehole nyingi huku zinapita kipimo cha WHO, ambacho ni miligramu 1.5 kwa lita.

Meno ya ukubwani yanajengwa ndani ya ufizi mtoi akiwa bado mdogo, hadi kama miaka minane. Maji anakunywa sasa ndio yanaandika rangi ya meno yatakayotokea baadaye. Na kuchemsha hakutoi floraidi. Maji yanapungua, floraidi inabaki, so kila glasi inakuwa nayo zaidi. Majani ya chai nayo yako na yake, na magadi ya kuharakisha githeri pia.

Maji ya mvua yaliyokingwa safi yako na floraidi kidogo sana, hayo ndio uchemshe umwekee mtoi. Pia kuna vichungi vya mkaa wa mifupa, teknolojia ambayo Dayosisi ya Kikatoliki ya Nakuru imeifanyia kazi miaka mingi. Kichungi cha kawaida cha supermarket hakifanyi hiyo kazi, so uliza kabla ulipe. Na kama plot yenu inatumia borehole, mwambie landlord awaonyeshe karatasi ya maabara. Kama hana, wapangaji wachange mpime wenyewe, na muulize floraidi kwa jina.