UZI: Jeshi likiingia kijijini, nani anaandika majina?

1/ Kila mara majangili wakivamia kijiji, maneno ya huku mitandaoni huwa yale yale. Upande mmoja: "Pelekeni KDF wamalize hii kitu!" Upande wa pili: "Mnataka kuangamiza watu wetu." Baada ya masaa mawili wote washahama, wako kwa bei ya unga. Leo tukae hapa kidogo. Sitataja mwanasiasa wala chama. Nataka tuelewane kuhusu kinachompata mwananchi wa kawaida jeshi likiingia kwao, na mfano mkuu tunao hapa hapa nyumbani: Mlima Elgon, 2008.

2/ Tuanze na shida yenyewe. Mwaka 1968 eneo la Chepkitale, juu mlimani, lilifanywa hifadhi ya wanyama. Watu waliokuwa wakiishi huko walitolewa na kuanzia 1971 wakaletwa chini kwenye mpango wa makazi wa Chebyuk. Huko Chebyuk shamba likawa ni kugawa, kufuta, kugawa tena. Awamu ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kila ugavi ulikuwa na waliopata na waliofurushwa, na koo za Soy na Mosop za jamii ya Sabaot zikaanza kuangaliana vibaya. Wanasiasa walikuwa hapo katikati, wakiahidi kila upande.

3/ Kutoka kwa hiyo hasira kukazaliwa Sabaot Land Defence Force, SLDF, mwaka wa 2005 hadi 2006 hivi. Mwanzoni wengi waliowapoteza mashamba waliwaona kama watetezi. Haikuchukua muda. Kundi likaanza kutoza watu kodi, kuteka, kubaka, kukata watu masikio, kuua. Mashirika ya haki za binadamu yanakadiria kwamba waliouawa na kundi hilo ni zaidi ya 600. Maelfu kwa maelfu walihama makwao. Kwa hivyo mtu asiniambie natetea SLDF. Waliokuwa wakiumizwa na SLDF ni hawa hawa wananchi ambao uzi huu unawahusu.

4/ Machi 2008, nchi ikiwa ndiyo imetoka tu kwa ghasia za uchaguzi, serikali ikatuma jeshi. Operesheni ikaitwa Okoa Maisha. Na hapa kuna kitu watu husahau: wakaazi wengi walifurahi. Polisi walikuwa wamejaribu kwa zaidi ya mwaka bila kufua dafu. Kuona malori ya jeshi yakipanda mlima, mama aliyekuwa analala msituni na watoto aliona wokovu umefika.

5/ Kwa upande wa kulivunja kundi, operesheni ilifaulu. Kiongozi wa kijeshi wa SLDF, Wycliffe Matakwei Komol, aliuawa Mei 2008, na mashambulizi yakaisha. Ukiuliza leo "jeshi lilifanya kazi?", kuna watu wa Mlima Elgon watakaokujibu ndiyo, na wanasema ukweli. Sasa waulize njia iliyotumika.

6/ Jeshi lilikuwa na tatizo moja kubwa: mwanachama wa SLDF hakuwa na sare. Mchana ni mkulima, usiku ana bunduki. Utamjuaje? Jibu lililotumika lilikuwa kuchukua wanaume karibu wote. Kijiji kinazingirwa, wanaume na vijana wanatolewa nje, wanapakiwa kwa malori hadi kambi ya jeshi ya Kapkota. Huko wanapitishwa mbele ya watu wa kuonyesha kidole. Ukionyeshwa, wewe ni SLDF. Usipoonyeshwa, unarudi nyumbani.

7/ Fikiria kidogo. Huyo anayeonyesha kidole ni nani? Mara nyingi ni jirani. Na katika eneo ambalo watu wamegombania shamba kwa zaidi ya miaka thelathini, kidole cha jirani ni silaha. Mtu angeweza kuponzwa na ekari mbili. Halafu kuna mwenye bahati ya kutoonyeshwa: naye alipigwa, kwa sababu kipigo kilianza kabla ya uchambuzi kuisha. Human Rights Watch na Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu, KNCHR, zote ziliandika mwaka huo huo wa 2008 kuhusu mateso yaliyofanyika. Jeshi lilikana.

8/ Mamia walifikishwa mahakamani Bungoma. Angalau hao familia zilijua wako wapi. Wengine hawakufika kokote. Mashirika yalihesabu zaidi ya watu 300 waliotoweka Mlima Elgon katika miaka hiyo, wengine mikononi mwa SLDF, wengine mikononi mwa maafisa wa usalama. Wake zao na mama zao walizunguka: kituo cha polisi, gereza, mochari. Kila mahali jibu ni moja, "Hapa hayuko."

9/ "Lakini hiyo ilikuwa mara moja tu." Hapana. Februari 1984, Wajir. Wanaume wa ukoo wa Degodia walikusanywa kwenye uwanja wa ndege wa Wagalla. Wakawekwa juani kwa siku kadhaa, wengi wakauawa. Kwa miaka mingi hesabu ya serikali ilikuwa watu 57. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, iliyotoa ripoti yake 2013, ilisema waliokufa ni karibu elfu moja. Angalia njia iliyotumika: serikali inatafuta wenye silaha, haiwajui, inachukua wanaume wa jamii nzima. Wagalla na Kapkota zimeachana miaka 24, lakini hesabu ni ile ile.

10/ Kwa nini hesabu hii hurudi? Kwa sababu jeshi limefunzwa kupigana na adui anayeonekana. Ukilileta mahali adui haonekani, na ukalipa kazi ya haraka, litatumia alama iliyo rahisi kuona: kabila, ukoo, umri, jinsia. "Mwanaume wa kutoka pande hii." Hapo ndipo kijana wa miaka 16 anayechunga mbuzi anakuwa mshukiwa kwa sababu tu amezaliwa huko.

11/ Swali ambalo huulizwa sana hapa: "Si wakaazi wanawajua hao majangili? Kwa nini hawasemi?" Jibu: kwa sababu jeshi lina tarehe ya kuondoka na mwenye bunduki hana. Ukionekana ukiongea na mwanajeshi leo, usiku utabishiwa mlango. Usipoongea, mwanajeshi anakuona mshirika. Mwananchi yuko katikati ya mawe mawili. Na akishapigwa bila kosa na watu waliokuja kumwokoa, hata kile kidogo alichotaka kusema anakimeza.

12/ Madhara si kipigo tu. Chukua Lamu. Operesheni ya msitu wa Boni, iliyoitwa Linda Boni, ilianza Septemba 2015 dhidi ya Al-Shabaab. Waboni, wanaojiita Aweer, ni watu wa msitu. Asali yao iko huko, matunda yao, dawa zao. Msitu ukageuka uwanja wa vita na mambo ya kuingia yakawa hatari pande zote mbili: bomu la ardhini upande huu, kuchukuliwa kama mshukiwa upande ule. Shule za wadi ya Basuba zilifungwa kwa miaka. Mtoto aliyekosa darasa la kwanza hadi la nne hawezi kurudishiwa na taarifa kwa wanahabari kwamba hali ni shwari.

13/ Turudi kwa wake wa waliotoweka, kwa sababu hapa kuna jambo ambalo wengi hatulijui. Mume akifa, unapata cheti cha kifo, unachukua barua ya chifu, unaenda kortini kufungua mirathi. Mume akitoweka, huna cheti. Sheria ya Ushahidi inasema mtu huhesabiwa kuwa amekufa ikiwa waliopaswa kusikia habari zake hawajasikia kwa miaka saba. Miaka saba! Katikati hapo wewe si mjane wala si mke. Na kama ni eneo kama Chebyuk, ambako karatasi ya shamba ilikuwa shida hata mume akiwepo, shemeji akija kusema shamba ni la kaka yake utamwonyesha nini?

14/ Haki je? Shirika la IMLU lilipeleka kesi ya Mlima Elgon kwenye Mahakama ya Afrika Mashariki kule Arusha. Machi 2012 kitengo cha rufaa kikaitupa nje. Sababu haikuwa kwamba mateso hayakufanyika. Mkataba wa Jumuiya unataka kesi ifunguliwe ndani ya miezi miwili, na muda ulikuwa umepita. Mama anapewa miezi miwili kushtaki na miaka saba kungoja kutambuliwa kwamba amefiwa.

15/ Sasa tuje kwa sheria ya leo, kwa sababu Katiba ya 2010 iliandikwa na watu waliokumbuka haya. Kifungu cha 241: jeshi linaweza kutumwa kurejesha amani ndani ya Kenya, lakini lazima Bunge la Kitaifa liidhinishe. Kifungu cha 49: ukikamatwa, ufikishwe kortini ndani ya masaa 24, au siku ya kazi inayofuata kama korti imefungwa. Kifungu cha 25: marufuku ya mateso haiwezi kupunguzwa na chochote, hata iwe hali ya hatari. Kifungu cha 51: aliyezuiliwa anaweza kuombewa amri ya korti ili aletwe mbele ya jaji.

16/ Februari 2023 jeshi lilipotumwa Bonde la Ufa Kaskazini kusaidia polisi dhidi ya wezi wa mifugo, Bunge liliidhinisha. Hatua nzuri ukilinganisha na 2008. Lakini kuidhinisha kuingia ni mlango mmoja tu. Ndani je? IPOA, ile mamlaka tunayoikimbilia polisi wakikosea, inasimamia polisi. Haisimamii jeshi. Mwanajeshi akimpiga mchungaji huko Baringo, malalamiko yanaenda kwa jeshi lenyewe, au kwa KNCHR ambayo inaweza kuchunguza na kupendekeza, lakini haiwezi kumfunga mtu.

17/ Kwa hivyo mimi siulizi tena "jeshi liingie au lisiingie?" Kuna siku polisi wamezidiwa na watu wanakufa, na mwenye kulala msituni na watoto hana muda wa nadharia yako. Swali langu ni la karani: NANI ANAANDIKA MAJINA? Kila anayepandishwa kwa lori aandikwe jina, kijiji, siku, saa, kikosi kilichomchukua na mahali anapopelekwa. Nakala moja ibaki na chifu, nyingine iende kortini. Mtu aliyeandikwa ni vigumu kupotea. Kapkota familia hazikupewa orodha ya kushika mkononi.

18/ Basi siku nyingine mwanasiasa yeyote, wa upande wowote, akisimama kusema "tumeidhinisha operesheni", muulizeni haya:
– Operesheni inaisha lini, na nani atathibitisha imeisha?
– Wanaokamatwa wanapelekwa kituo gani cha polisi, na orodha iko kwa nani?
– Daktari asiye wa jeshi anaruhusiwa kuwaona?
– Wanahabari na KNCHR wanaruhusiwa kuingia?
– Shule na zahanati zitabaki wazi vipi?
– Na ile shida ya shamba, maji au malisho iliyozaa bunduki, inashughulikiwa na nani jeshi likiondoka?

19/ Na wewe ambaye mtu wako amechukuliwa, fanya haya mapema. Andika siku, saa, mahali, rangi na nambari ya gari, majina ya walioona. Nenda kituo cha polisi uchukue nambari ya OB. Wakikataa, andika jina la kituo na saa uliyokataliwa. Tafuta wakili au shirika la haki za binadamu liende kortini chini ya Kifungu cha 51. Usingoje "watamwachilia tu". Siku za kwanza ndizo zenye uzito.

20/ Najua kuna mtu atakuja hapo chini kusema "wewe hujawahi kuibiwa ng'ombe." Sawa. Lakini waliopigwa Kapkota nao walikuwa wameibiwa, wengine wamezika ndugu waliouawa na SLDF. Walingojea serikali iwaokoe na ikaja. Mwaka wa 2015 serikali iliomba radhi kwa dhuluma za zamani na kutangaza hazina ya shilingi bilioni 10 kwa waathiriwa. Ukipata nafasi ya kumhoji mtu bungeni, anzia hapo: hiyo pesa imefikia mama yupi, wa kijiji gani?

Mwisho wa uzi. Mwenye ushuhuda wa kwao aongeze, ila msiweke majina ya watu walio hai. Tusiwaponze.